Beberu Asikawie Bandani



Hapa Ziwani mikorosho hutupa fedha kwa msimu, lakini mtoto hutaka maziwa kila siku. Ndiyo sababu tukaanza kufuga mbuzi wa maziwa. Wenzetu wa Mgeta, mkoani Morogoro, walipokea mbuzi kutoka Norwei katika miaka ya 1980, wakaonyesha kuwa hata mwenye shamba dogo aweza kukamua.

Lakini yatupasa kukiri kosa letu. Beberu mmoja tulimwacha mahali pamoja hata akawapanda binti zake. Vitoto vilizaliwa dhaifu, na maziwa yakapungua. Wengine walidhani ni husuda. La, ilikuwa damu moja kujirudia.

Hesabu yake ni nyepesi. Mbuzi jike hubeba mimba miezi 5, na bintiye aweza kutaka dume angali na miezi 6 au 7. Basi beberu akipitisha mwaka bandani, atawakuta wanawe tayari.

Kwa hiyo twawaombeni: kila mwaka beberu ahamie kijiji kingine, na kila kizazi kiandikwe daftarini, tarehe na jina la baba. Twajua ni uchungu kumtoa dume uliyemkatia majani kwa mkono wako. Lakini huyo ni mali ya chama, na wa jirani yuaja kwako. Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.