JOTO LA HEWA IINGIAYO KATIKA INJINI YA LORI
Hotuba kwa wenye malori na madereva wa safari ndefu



Lori likishindwa kupanda mlima wa Mai Mahiu kwa mzigo liliouzoea, aghalabu mwenyewe huilaumu pampu ya dizeli. Fundi huambiwa aongeze mafuta, naye huongeza. Lori hupata nguvu kidogo, lakini hutoa moshi mweusi unaowaziba macho madereva walio nyuma, na dizeli hupotea bure. Mwisho wake pistoni huungua, na fedha zilizowekwa kwa karo ya watoto huenda kununua injini. Kumbe pengine dosari haikuwa katika mafuta hata kidogo, bali katika hewa.

Injini haiwezi kuunguza dizeli pasipo hewa ya kutosha. Nayo hewa ikipata joto hutanuka, hata chombo kile kile kikachukua hewa pungufu. Katika joto la kawaida la pwani, kila digrii 3 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza uzito wa hewa kwa sehemu 1 katika 100. Na iwe mfano: hewa ya Mombasa ina digrii 32, lakini bomba la kuvutia hewa limepasuka, na injini inavuta hewa ya chini ya boneti yenye digrii 65. Injini hiyo imekwisha kupoteza sehemu 10 katika 100 za hewa yake kabla ya kufika Mariakani. Tena, kadiri barabara inavyopanda bara, hewa huzidi kuwa nyepesi. Huko Nairobi msukumo wake haufikii sehemu 85 katika 100 za ule wa pwani.

Malori mengi ya siku hizi yana tabo, yaani feni izungushwayo na moshi wa injini ili kuishindilia hewa ndani. Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto. Ile ya digrii 32, msukumo wake ukizidishwa mara mbili na nusu, hutoka katika tabo na joto la digrii 150 hivi. Ndiyo sababu mbele ya rejeta pakawekwa kipoza hewa, ambacho mafundi hukiita intakula. Kikiishusha hewa hiyo hadi digrii 60, injini hupata hewa zaidi kwa robo nzima. Kikizibwa na matope, wadudu na mafuta, faida hiyo hupotea.

Basi yafaa kupima kabla ya kununua. Vipimajoto vitatu vyenye waya ndefu vyatosha. Cha kwanza hupima hewa ya nje, mbele ya lori, mbali na joto la injini. Cha pili hutiwa katika bomba kati ya chujio la hewa na tabo. Cha tatu huwa kati ya intakula na injini. Vyote husomwa kwa wakati mmoja, lori likiwa linapanda mlima na mzigo wake, kwani lori lililosimama halipati upepo na vipimo vyake hudanganya. Anayesoma na kuandika awe utingo. Dereva aangalie njia.

Cha pili kikizidi cha kwanza kwa digrii chache tu, hapana neno. Kikizidi kwa 20 au 30, bomba limepasuka au limeondolewa mahali pake. Cha tatu kikizidi cha kwanza kwa digrii 25 au 30, intakula inafanya kazi yake. Kikizidi kwa 50, na isafishwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, yasije yakapinda mabati yake membamba, na mkanda wa feni utazamwe. Kisha lori lirudishwe mlima ule ule, kwa mzigo ule ule na gia ile ile, na hesabu mpya ilinganishwe na ile ya kwanza. Vipimo vyote vikiwa vyema na mipira ya hewa haivuji, ndipo ifaapo kuishuku pampu.

Wazee walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ya mwenye lori isiandikwe nauli na dizeli peke yake; na iandikwe joto la hewa pia.