Sikukuu Zetu na Ghala Letu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu)



Nimeombwa niseme machache juu ya vyakula vya sikukuu. Wenzangu walionitangulia wamesema juu ya hesabu za korosho na ufuta, nao wamesema vyema. Mimi nimepewa upande wa tumbo, na tangu asubuhi harufu ya pilau inayotujia kutoka nyuma ya ghala imekuwa ikinikumbusha kazi yangu.

Basi nianze na hiyo pilau. Jina lake limetoka kwa Waajemi. Mchele asili yake ni Asia, na pilipili manga, iliki na mdalasini vililetwa na majahazi kutoka India na Sri Lanka. Karafuu ilikuwa mali ya visiwa vya Maluku kabla haijapandwa Unguja na Pemba katika karne ya 19. Na mchele uliomo katika masufuria yale, nimewauliza wapishi, umenunuliwa kutoka Kyela. Katika karamu ya wakulima wa kusini, chakula kikuu hatukukilima sisi. Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Wala si pilau tu. Muhogo na mkorosho wetu vyote viwili ni wenyeji wa Brazil. Mkorosho waliuleta Wareno pwani ya Msumbiji katika karne ya 16. Mahindi kwao ni Mexico. Wenyeji wa kweli wa Afrika ni mtama, kunde na njugu mawe, ambavyo siku hizi twavipika kama kwamba twavionea haya. Sisemi hivyo ili kuwadharau wageni. Mgeni aliyekaa karne nzima na zaidi, akazaa na kuzikwa hapa, amekuwa mwenyeji.

Lakini jambo lililonileta mbele yenu si asili ya vyakula, bali ni majira yake. Wazee wetu walipopanga sherehe zao wenyewe, walizipanga kwa kutazama uchaga. Jando, unyago na harusi vilifanywa baada ya mavuno, kuanzia Juni hata Septemba, wakati nafaka imejaa na njia zimekauka. Kule Makunduchi, Unguja, siku ya Mwaka huadhimishwa mwezi wa Julai, masika yamekwisha. Na ni desturi huko kwamba nyumba isikose mgeni wa kumkaribisha chakulani siku hiyo. Desturi kama hiyo haiwezi kuwekwa na watu wenye njaa. Hata Nanenane yetu yaangukia katika shibe.

Sikukuu za dini hazikupangwa kwa jembe. Krismasi hutukuta tumekwisha kutia mbegu ardhini. Pasaka haiji kabla ya tarehe 22 Machi wala baada ya tarehe 25 Aprili, yaani mahindi mabichi ndiyo kwanza yaonekane, na pengine hayajaonekana. Ama Ramadhani na Idd, hizo hutembea. Mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, mwaka wa jua siku 365. Kwa hiyo kila mwaka mfungo hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja, na katika muda wa miaka thelathini na mitatu hivi huwa umezunguka majira yote. Mwaka 2010 Ramadhani ilianza Agosti. Mwaliokuwapo mtakumbuka futari za mwaka ule: viazi vitamu, magimbi, kunde za nazi, uji wa mtama wenye pilipili manga, na jirani akikuletea bakuli hata usipolihitaji. Mwaka 2024 ilianza Machi, magunia yamekunjwa. Mfungo ni uleule. Kilichobadilika ni kilichomo chunguni magharibi ikiingia.

Niruhusuni niseme yaliyonipata mwenyewe. Mwaka 1997 nilikuwa kijana mwenye mke na watoto wawili. Julai niliuza mahindi yote na mpunga wote nikanunua mabati, na nikasifiwa. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Desemba, na mvua za El Niño zikashuka kama tusivyopata kuziona. Wakati ule Rufiji ilivukwa kwa pantoni, kwani Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003. Barabara ikakatika, malori hayakufika, na duka la kijiji likabaki na chumvi na viberiti. Chini ya mabati yangu mapya hapakuwa na debe moja la nafaka.

Aliyetuokoa ni shangazi yangu, mjane, ambaye nyumba yake ilikuwa ya makuti. Yeye alikuwa na makopa katika vilindo, na masuke ya mtama darini juu ya jiko, yamekuwa meusi kwa moshi. Alinipimia pasipo kuhesabu, kisha akaniuliza, "Baba, mabati hayo huchemshwa kwa muda gani?" Siku ya Idd, mwishoni mwa Januari, alitwanga mtama akaupika kwa tui la nazi pamoja na kunde. Wanangu walililia pilau. Sitawasingizia uvumilivu wasiokuwa nao. Lakini walilala wameshiba.

Pengine mtu atasema kwamba muhogo upo ardhini daima, basi hofu ya nini? Muhogo mtamu, ndiyo. Muhogo mchungu una sumu, nao wataka siku zake za kulowekwa na kuanikwa, na mwenye njaa hana siku za kungoja. Mwaka 1985, huko Tarime, wakati wa ukame, watu walifupisha kazi hiyo ya kuutayarisha, na baadhi yao wakapooza miguu wasipone tena. Ugonjwa huo waitwa konzo. Dawa yake ni kuwa na makopa yaliyokaushwa vyema mapema, kabla haja haijafika.

Najua kwa nini twauza mapema. Sare za shule hazingoji, deni la pembejeo halingoji, na dumuzi hangoji. Mdudu huyu, ambaye wengine humwita skania, aligunduliwa nchini kwetu upande wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akitoka huko huko Amerika ya Kati yalikotoka mahindi, na hula mahindi na makopa pia. Mkulima akiona unga wamwagika chini ya gunia huona heri auze leo kwa bei ya chini. Mwezi wa Februari huyanunua mahindi hayo hayo kwa bei ya juu, kutoka kwa mtu yule yule aliyemwuzia.

Basi hili ndilo ombi langu kwa Halmashauri. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ni ya mwaka 2005, na kwa utaratibu wake korosho zetu hupimwa, hulindwa na kuandikiwa karatasi. Wengi wa walao korosho hizo wako ng'ambo. Chakula chetu wenyewe twamwachia dumuzi. Kila Chama cha Msingi kitenge pembe moja ya ghala lake. Mwanachama alete Julai magunia yake machache ya mtama, mahindi, mpunga au makopa, yatiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, apewe stakabadhi, na ayachukue mwenyewe siku aitakayo, si kwa kuuziwa. Gharama ya mifuko na ya mlinzi itakuwako, nami sifichi. Ni afadhali tuilipe kwa senti za korosho kuliko kwa bei ya Februari.

Kuna wasiwasi mwingine ambao watu huunong'ona mlangoni nisije nikasikia: chakula kikiwa chini ya kufuli ya Chama, nani atalinda kufuli? Simtuhumu mtu. Ziwekwe kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Katibu, wa pili kwa mwanachama aliyechaguliwa na kijiji, na mimi napendekeza awe mama, kwa kuwa yeye ndiye anayejua gunia la nyumbani humalizika siku gani.

Mwaka 1997 ulikuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na moja iliyoanza Desemba. Mwaka 2030 utakuwa vivyo hivyo: mwanzoni mwa Januari, na tena mwishoni mwa Desemba, na kati ya tarehe hizo mbili kuna mavuno mamoja tu. Hoja hii nimemkabidhi Katibu kwa maandishi, nami naomba iingizwe katika ajenda ya Mkutano Mkuu ujao, kabla ya habari ya kupaka rangi ofisi.

Naona mpishi mkuu amesimama mlangoni ameshika upawa, wala hatazami saa, ananitazama mimi.