Ukiwa na Siku Moja Ugiriki, Ipe Nemea

Leo nina neno na wale ambao safari itawafikisha Ugiriki: mabaharia wanaotia nanga Piraeus, wanafunzi walioko Ulaya, mahujaji wanaofuata nyayo za Mtume Paulo, na yeyote aliyejaliwa siku chache za mapumziko jijini Athens. Mkifika huko mtauziwa safari ya siku moja kwenda Peloponnese: Mfereji wa Korintho, Korintho ya kale, Mycenae, Epidaurus, na dakika zikibaki, kuonja mvinyo. Yote hayo kabla ya jua kuzama! Mimi nasema ratiba ya namna hiyo inamdhulumu msafiri. Atashuka kwenye basi, apige picha, arudi ndani, na jioni magofu yote yatakuwa yamechanganyika kichwani mwake. Ushauri wangu ni huu: pitia Korintho, kisha saa zote zilizobaki uziachie Nemea.

Kutoka Athens hadi Nemea ni kama kilomita 120 kuelekea kusini-magharibi. Njiani utavuka Mfereji wa Korintho, uliokatwa kwenye mwamba na kukamilika mwaka 1893. Una urefu wa kilomita 6 na ushei, na ni mwembamba kiasi kwamba meli kubwa za leo haziwezi kupita. Mfalme Nero wa Roma aliwahi kuanza kuuchimba mwaka 67 BK, akafa kazi ikiwa mbichi. Simama darajani, utazame chini, uendelee na safari.

Korintho ni habari nyingine, maana wengi wetu tumekua na jina hilo masikioni. Harusi ngapi za kanisani umehudhuria ukasikia sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, ile ya upendo? Basi mji wenyewe ni huu. Warumi waliuangamiza mwaka 146 KK, na miaka 102 baadaye, mwaka 44 KK, Julius Caesar akaamuru ujengwe upya. Paulo alipofika hapa, karibu mwaka 50 BK, alikaa mwaka mmoja na nusu akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Nguzo 7 za Hekalu la Apollo zinazosimama hadi leo zilikuwa tayari na umri wa karne sita alipozipita. Sokoni lipo jukwaa la mawe ambalo wengi wanaamini ndipo aliposimamishwa mbele ya liwali Galio.

Katika waraka huohuo, sura ya 9, Paulo anazungumzia wanaoshindana mbio uwanjani na taji la majani yanayonyauka. Watu wa Korintho walimwelewa bila kufafanuliwa. Karibu na mji wao palikuwa na Isthmia, mahali palipofanyika michezo kila baada ya miaka miwili. Mfano wake ulitoka mtaani kwao. Ukitaka kuuelewa kwa miguu yako mwenyewe, nenda Nemea.

Nemea ni bonde lililozungukwa na vilima, na vilima vimejaa mizabibu. Masimulizi ya Wagiriki yanasema hapa ndipo shujaa Herakles alipomuua kwa kumkaba simba ambaye ngozi yake haikupenywa na silaha. Lakini michezo ya Nemea ina kisa kingine, na ni kisa cha msiba. Mtoto mchanga, Opheltes, alilazwa na yaya wake juu ya majani ya figili mwitu wakati yaya akiwaonyesha askari mahali penye maji. Nyoka akamuua mtoto. Michezo ikaanzishwa kumkumbuka, ndiyo maana waamuzi walivaa nguo nyeusi za matanga, na mshindi alivikwa taji la figili mwitu, mmea wa ukoo mmoja na giligilani. Hakuna dhahabu, hakuna fedha. Kwa hesabu ya wanahistoria, michezo hii ilianza mwaka 573 KK, nayo pamoja na ile ya Olympia, Delphi na Isthmia ilikuwa mikubwa minne ya Wagiriki wote.

Hekalu la Zeus unaloliona lilijengwa karibu mwaka 330 KK. Msafiri Pausanias alipopita katika karne ya 2 BK alikuta paa limeshaanguka na sanamu ya mungu haipo. Baadaye Wakristo walichukua mawe yake kujengea kanisa lao hapohapo jirani. Kwa karne nyingi zilibaki nguzo 3 tu wima, na nyingine zimelala chini kama mhogo uliokatwa vipande. Kuanzia miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kikaanza uchimbaji mkubwa chini ya mwanaakiolojia Stephen G. Miller. Vipande vilipimwa kimoja kimoja, vikatafutiwa nguzo yake, na leo zinasimama nguzo 9. Wachimbaji walikuta pia mashimo ya miberoshi iliyokuwa kichaka kitakatifu cha Zeus, wakapanda miberoshi mipya mahali palepale. Mimi kazi ya namna hiyo naiheshimu sana.

Hata hivyo moyo wa Nemea uko uwanjani, mwendo mfupi kutoka hekaluni. Ukifika utaona kwanza mabaki ya chumba cha kuvulia nguo, kwani wanariadha walishindana uchi, miili imepakwa mafuta ya zeituni. Kutoka hapo unaingia kwenye njia ya mawe iliyojengwa kwa kuba chini ya kilima, mita 36 hivi, iliyogunduliwa mwaka 1978. Nenda polepole. Angalia kuta. Vijana waliokuwa wakisubiri kuitwa waliandika majina kwa kuchora kwenye jiwe, na bado yanasomeka baada ya miaka zaidi ya 2,300. Mmoja aliandika kwamba Akrotatos ni mzuri. Huyo aliandika akiwa na wasiwasi wa mashindano, au akimsubiri rafiki yake atoke? Hapo ndipo historia inapoacha kuwa tarehe na kuwa watu. Ukitoka upande wa pili jua linakupiga usoni, na mbele yako kuna kiwanja chenyewe, na mstari wa kuanzia wa mawe wenye mifuo miwili ambamo mkimbiaji alikaza vidole vya miguu.

Tangu mwaka 1996 watu wanakimbia tena hapo. Wenyeji na wapenzi wa mahali hapo walianzisha chama cha kufufua michezo, na mashindano hufanyika kwa utaratibu wa kila miaka minne. Anayekimbia haulizwi rekodi wala taifa. Wazee kwa vijana, wake kwa waume, wote huvaa kanzu fupi nyeupe, hupita kwenye ile njia ya chini ya kilima, na kukimbia pekupeku. Mshindi anavikwa figili mwitu. Magofu mengi duniani yamezungushiwa kamba ili yasiguswe, na mara nyingi ni lazima iwe hivyo. Nemea wamethubutu kuurudisha uwanja kwa miguu ya watu, nami naamini wamefanya haki.

Sasa tuje kwenye mizabibu. Zabibu ya hapa huitwa Agiorgitiko, yaani ya Mtakatifu George, na mvinyo wake mwekundu wa kukolea wenyeji huuita Damu ya Herakles. Tangu mwaka 1971 sheria inalinda jina la Nemea: mvinyo mwekundu wenye jina hilo lazima utokane na Agiorgitiko peke yake, kutoka mashamba ya eneo hilo. Mashamba yanaanzia bondeni na kupanda hadi mita 800 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Yale ya juu, penye baridi, hutoa mvinyo mwepesi wenye ukali kidogo. Ya katikati ndiyo yanayosifiwa zaidi. Msikilizaji wa Dodoma, aliyezoea kuvuna mara mbili kwa mwaka, ajue Nemea wanavuna mara moja tu, kuanzia Septemba.

Kilimo hicho ni cha kale mno. Mji jirani wa Phlius ulisifika kwa mvinyo tangu enzi za kale, na Pausanias anasimulia kwamba sokoni kwao palikuwa na sanamu ya mbuzi wa shaba, sehemu kubwa imefunikwa dhahabu. Waliamini nyota iitwayo Mbuzi ilipochomoza iliharibu mizabibu, basi wakaiheshimu sanamu ili mashamba yapone. Mkulima na hofu yake, nani hamjui?

Usiyekunywa pombe usijione umeachwa nje. Omba utembezwe shambani, uone mapipa, ule jibini, zeituni na mkate. Anayeonja naye ana ruhusa ya kutema kwenye chombo, si utovu wa adabu. Dereva asionje kabisa, maana barabara za vilimani zina kona nyingi.

Basi ukipewa ratiba ya vituo vitano, irudishe. Toka Athens alfajiri, nenda Septemba ukiweza, vaa viatu vya kutembelea, na ukifika kwenye mstari wa kuanzia, vua viatu hivyo ukimbie hadi mwisho wa uwanja.