Kulainisha Nywele kwa Dawa Bila Kuziharibu: Mada kwa Wasusi wa Kasongo na Kabambare

1. Dawa inavyofanya kazi
Unywele umejengwa kwa keratini, protini ambayo nyuzi zake hushikana kwa viungo vya salfa. Viungo hivyo ndivyo vinavyodumisha mkunjo wa nywele za kipilipili. Dawa ya kulainisha, iliyoandikwa défrisant kwenye makopo ya Kifaransa, huvimbisha unywele na kuvikata. Kiungo kilichokatwa hakirudi. Mkunjo huonekana tena kwenye nywele mpya tu. Ngozi nayo ina keratini, hivyo dawa ikizidi muda huichoma.

2. Aina za dawa
Aina ya kwanza ina soda kali, hydroxyde de sodium, ileile inayopikia sabuni ya mawese. Hunyoosha upesi, lakini pH yake hufika 12 hadi 14, na huunguza haraka. Soda ya sabuni isichanganywe nyumbani badala ya dawa ya kopo, kwa kuwa nguvu yake haikupimwa kwa ajili ya kichwa. Aina ya pili huchanganywa kutoka vifurushi viwili wakati wa kupaka. Haichomi sana, ila huacha chumvi za kalisi zinazokausha nywele.

3. Kabla ya kupaka
Mwenye vidonda au mapunye asubiri apone. Aliyefumua misuko apumzishe kichwa wiki moja au mbili. Nywele zisioshwe wala kichwa kukunwa siku chache kabla. Tarehe ya kopo isomwe, na dawa ijaribiwe kwenye kishungi kimoja. Pale maji yanapochotwa kisimani au mtoni, ndoo zijazwe kabla ya kopo kufunguliwa: dawa haingoji mtu arudi na maji.

4. Kupaka na kuosha
Ngozi, masikio na kingo za nywele zipakwe vazelini. Msusi avae glavu. Dawa ipakwe kwenye nywele mpya pekee, kwa dakika zilizoandikwa kwenye kopo. Mteja akihisi kuchomwa, ioshwe papo hapo, hata kama nywele hazijanyooka. Ifuate shampuu ya kuzimua, irudiwe hadi povu lisionyeshe rangi ya tahadhari, ikiwa shampuu hiyo ina rangi. Dawa ikiingia jichoni, maji safi yamiminwe kwa dakika 15 au zaidi, kisha mteja apelekwe kituo cha afya.

5. Matunzo
Nywele huota takriban sentimita 1 kwa mwezi. Kwa hiyo kurudia kunafaa baada ya wiki 8 hadi 12. Kupaka mapema hufikisha dawa kwenye sehemu iliyokwisha kulainika, nazo nywele hukatika hapo. Mwaka 2022 utafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ulihusisha matumizi ya zaidi ya mara 4 kwa mwaka na saratani ya mji wa mimba, bila kuthibitisha kwamba dawa ndiyo chanzo. Kati ya zamu mbili, nywele zipakwe mafuta kidogo, na misuko ya kukaza iepukwe, hasa kwenye paji.