Panya na Gari Lililoegeshwa

Gari likikaa siku nyingi bila kuendeshwa, panya huliona kuwa ni nyumba isiyo na mwenyewe. Na kwa kuwa meno yake ya mbele hukua maisha yake yote, naye hana budi kuyapunguza kwa kutafuna, basi nyaya zilizo chini ya boneti hazisalimiki, na waya uliochunwa ganda waweza kuleta moto.

Basi tahadharini mapema. Kwanza, ondoeni kila chakula garini, hata makombo ya mkate na maganda ya karanga. Pili, msiegeshe karibu na jaa wala majani marefu. Tatu, fungueni boneti kila baada ya siku chache, mtazame kama pana mavi ya panya, matambara au nyasi kavu, na muyaondoe yote kabla ya kuwasha injini. Sumu msiitie garini, kwani panya aweza kufia ndani, na paka amlaye akadhurika.

Kumbukeni, wasikilizaji: panya hufuata chakula na utulivu. Mnyimeni chakula, mnyimeni utulivu, na gari lenu litasalimika, inshallah.