Sabufa ya Mpanda: Maana ya Neno na Ushauri wa Mashine

Katika maduka ya Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, sabufa si spika ya besi pekee kama ilivyo subwoofer ya Kiingereza. Neno hilo hutaja seti nzima: kikuza sauti, spika ndogo, kisanduku cha besi, na aghalabu redio na tundu la flashi. Hapa pana michakato miwili: utohoaji, uliodondosha kiyeyusho /w/ na kuliweka neno katika ngeli ya I-ZI, na upanuzi wa maana, ambapo jina la sehemu limekuwa jina la kitu kizima.

Suala hili haliwahusu wanaisimu peke yao. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mnunuzi anaweza kuiuliza akili mnemba kabla ya kwenda dukani. Chukulia mkulima anayeuliza sabufa ipi inafaa kwa betri yake ya sola. Mashine iliyofunzwa zaidi kwa matini za Kiingereza huweza kumshauri anunue spika ya besi, kisha atafute kikuza sauti, bila kumwambia achague seti inayopokea umeme wa volti 12. Jibu litakuwa na sarufi safi, na fedha za mavuno zitapotea.

Ufasaha, basi, si ithibati ya uelewa. Watunga kamusi na wakusanyaji wa matini za Kiswahili hawana budi kurekodi lugha ya dukani kwa uzito uleule wanaoipa lugha ya vitabuni.