Mlembe, Jirani Yetu wa Porini
Msikilizaji wa Masasi na Newala, mvua za kwanza zikikaribia, amka alfajiri utazame ndege mikoroshoni. Mbayuwayu kutoka Ulaya hufika msimu huu, wakarudi Machi na Aprili.

Ila mtegee sikio zaidi mlembe, ndege anayeongoza watu kwenye nyuki. Ng'ambo ya Ruvuma, huko Niassa, Wayao humwita kwa mlio wao: "brrr-hm!" Utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mlio huo huongeza uwezekano wa kupata kiota cha nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Mtu huchukua asali, mlembe hula nta. Na hakufugwa na yeyote! Akikulilia akiruka mti hadi mti, mfuate. Manati ibaki nyumbani, na moto wa kufukizia nyuki uzimwe kabisa kabla hujaondoka.